Mwenye jengo akikataa kodi, deni ni la nani?

Mhariri,

Wenye majengo wakilalamika magazetini, kilio ni kimoja: mpangaji sugu asiyelipa. Wapo, sikatai. Nimepakana na mmoja aliyekuwa akizima simu kila tarehe moja huku akinunua shehena mpya. Lakini liko deni jingine la kodi lisilotajwa, lile ambalo mwenye jengo hulitengeneza mwenyewe.

Nauza sufuria na vyombo vya plastiki mjini Nakuru. Mzee aliyetupangisha hakuwahi kutuandikia mkataba. Tulimtumia kodi kwa M-Pesa, naye akajibu "asante mama", basi. Jengo lilipouzwa akaja ajenti, akatuambia tusitume tena kwa nambari ya zamani, mpya itakuja. Haikuja. Nikimpigia, mdosi yuko safarini. Nikamfuata na pesa taslimu, akasema hana idhini ya kuandika risiti. Mwezi wa pili ulipokwisha nikaletewa barua ya wakili: una malimbikizo ya kodi, hama ndani ya siku 30.

Tazama ujanja ulivyosukwa. Sheria ya wenye nyumba na wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa, yaani Sura ya 301, iko tangu 1965. Inamlinda mpangaji asiye na mkataba wa maandishi, na hata mwenye mkataba usiozidi miaka mitano. Haondolewi ila kwa sababu zilizotajwa humo, na mojawapo ni kukaa miezi miwili bila kulipa kodi iliyokwisha kufika siku yake. Sababu nyingine ni ngumu kuigiza. Akisema anataka kubomoa na kujenga upya, ataulizwa ushahidi. Akisema analitaka duka kwa matumizi yake, sheria inamdai akusudie kulitumia kwa muda usiopungua mwaka. Kukataa pesa ni rahisi zaidi. Kunahitaji ajenti asiyeshika simu tu.

Ile barua ya wakili, pamoja na muhuri wake wa kutisha, haikuwa notisi. Notisi ya Sura ya 301 huandikwa kwa fomu maalumu, hutaja sababu, na haiwezi kuanza kufanya kazi kabla ya miezi miwili tangu mpangaji aipokee. Wapangaji wenzangu wengi hawalijui hili, wanahama usiku kwa kuogopa karatasi. Wengine hukosea upande wa pili: wanapokea notisi halali, wanaisukuma chini ya kaunta na kumwachia Mungu. Sheria inataka ujibu kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja kama unakubali au unakataa, na ulifikishe shauri mbele ya Jopo la Kodi za Majengo ya Biashara kabla ya tarehe ya notisi kutimia. Ukinyamaza, notisi inasimama, hata kama sababu zake ni za uongo.

Mimi kila siku ya kodi nilimwandikia ajenti ujumbe: pesa iko tayari, nipe nambari. Sikufuta hata mmoja. Nilipofika kwenye Jopo niliomba kodi niiweke huko shauri likiendelea, nikaruhusiwa. Madai ya malimbikizo yakapoa hapo hapo, na wakili wa upande ule akaanza kuzungumzia mambo ya choo na takataka.

Jirani yangu wa saluni hakupata nafasi hiyo. Alikuta kufuli juu ya kufuli lake, mashine za kukausha nywele zimefungiwa ndani, na kijana mlangoni anayejiita dalali. Jopo ndilo lenye mamlaka ya kuruhusu mali ya mpangaji wa aina yetu ikamatwe kwa ajili ya kodi. Kijana yule hakuwa na amri yoyote, na polisi tuliowaita walisema hayo ni mambo ya madai, hayawahusu.

Siku hizi tunaletewa mikataba ya miaka mitano na miezi mitatu. Hiyo miezi mitatu haikuongezwa kwa upendo, imewekwa ili tutoke nje ya ulinzi wa Sura ya 301. Isomeni mpaka ukurasa wa mwisho kabla ya kutia sahihi. Ikiwa kuna kifungu kinachoruhusu mkataba kuvunjwa kabla ya miaka mitano kutimia bila mtu kukiuka masharti, upangaji huo unarudi pale pale chini ya ulinzi. Wanaoandika mikataba hii mara nyingi hukiacha kifungu hicho humo humo, kwa kutaka kula huku na huku.

Wabunge wetu wakiigusa tena sheria hii, waongeze jambo moja: kodi iliyotolewa kwa ushahidi na kukataliwa isihesabiwe kuwa malimbikizo, na mpangaji asilazimike kufungua shauri ili tu alipe. Jopo nalo litutolee fomu zake kwa Kiswahili. Nilizopewa mimi zilikuwa za Kiingereza, na aliyenisaidia kuzijaza nje ya lango alinitoza pesa kwa kila ukurasa.

Muuza vyombo,
Nakuru