Chakula cha mchana hifadhini kisiwe cha kubahatisha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo makala za utalii huliruka. Tunaelezwa saa nzuri ya kumkuta simba na aina ya kamera ya kubeba, lakini anayeuliza mchana atakula wapi hujibiwa kwamba ataona hukohuko. Hukohuko mara nyingi hakuna hata kibanda. Hifadhi nyingi za taifa ni kubwa, kutoka getini hadi penye mgahawa yaweza kuwa mwendo wa saa kadhaa, na loji nyingi hupika kwa hesabu ya wageni waliolala hapo. Asiyetoa taarifa mapema hula akibahatika. Matokeo yake watu wanakula popote njaa ilipowakuta, vioo vya gari vikiwa wazi, tumbili wakiwatazama.

Anayeumia zaidi ni mnyama. Nyani akishaonja mkate wa mtalii, kila gari kwake ni ghala. Atajifunza kufungua zipu ya begi, atakwapua tunda mkononi mwa mtoto, na siku akimng'ata mtu, huenda akapigwa risasi. Hifadhi ya Yellowstone, Marekani, ililijua hilo kwa gharama kubwa. Kwa miongo mingi dubu walikula mabaki ya hoteli majalalani, na wageni wakawekewa hadi mabenchi ya kukaa kuwatazama. Majalala hayo yalipofungwa, la mwisho mwaka 1970, dubu waliokwisha kuzoea walifuata harufu ya chakula kambini kwa watu, na wengi wakauawa.

Basi tule wapi? Palipotengwa. Katika hifadhi ya Kruger, Afrika Kusini, mgeni haruhusiwi kushuka garini ila kambini na kwenye maeneo yaliyowekwa kwa kazi hiyo, yenye meza na vyoo. Utaratibu wa namna hii upo katika hifadhi nyingi, ila mgeni haambiwi mapema maeneo hayo yako wapi, na akiyafahamu keshayapita.

Hata palipotengwa panataka akili. Kule Ngorongoro kuna eneo la mapumziko la Ngoitokitok, kando ya bwawa lenye viboko, pazuri kwelikweli. Lakini angani wanazunguka mwewe. Mwewe hushuka kwa nyuma, kimya. Utahisi upepo wa bawa sikioni, na kile ulichokuwa unakipeleka mdomoni hakipo tena. Kucha zake hukwaruza mkono. Ndiyo maana waongoza watalii wazoefu huwaambia wageni wao wale chakula ndani ya gari, vioo vimefungwa, kisha washuke kunyoosha miguu. Kwa hiyo sisemi kwamba kula garini ni kosa kila mahali. Muulize askari wa hifadhi au mwongozaji wako. Anapajua kuliko ramani. Na kwa wanaopanda kuwaona gorila wa milimani, chakula kibaki kwenye begi kabisa mpaka mtakapokuwa mmewaacha mbali, kwani gorila huambukizwa maradhi yetu, mafua yakiwemo.

Lawama nyingine ziende kwa wasimamizi. Pipa lisilo na mfuniko wa kufungika ni karamu ya nyani, hata kama watalii wote ni wastaarabu. Nimeona mapipa ya wazi yakipinduliwa mchana kweupe na makaratasi kupeperushwa hadi majanini. Kenya ilipiga marufuku plastiki za kutumia mara moja katika hifadhi zake tangu Juni 2020, chupa za maji zikiwemo, na ni hatua nzuri. Lakini chakula kilichofungashwa vizuri bado kinahitaji mahali pa kuliwa na mahali pa kutupa mabaki, la sivyo kila mtu arudi na taka zake.

Ninachoomba hakihitaji bajeti kubwa. Mgeni anapolipia kiingilio apewe karatasi moja inayoonyesha migahawa, maeneo ya kulia na vyoo, pamoja na umbali kati yao. Kampuni za utalii nazo ziandike kwenye ratiba mahali na saa ya chakula cha mchana, kama zinavyoandika saa ya kuondoka hotelini.

Wako,
Msomaji na mpenzi wa hifadhi