Mhariri, hiyo chipu haisomi siri za mtu

Mhariri, naomba kanafasi nichangie hii stori ya chipu za ubongo, maana huku mtaani watu wameshaikuza mpaka basi, eti sasa hivi Marekani wanasoma mawazo yako yote hadi ya chumbani. Jamani hapana.

Chukueni mfano wa Cathy Hutchinson, mama wa hukohuko Marekani, alipigwa na kiharusi akapooza mikono na miguu, kuongea hawezi, akakaa hivyo miaka mingi. Wataalamu wa BrainGate, mradi wa utafiti wa kuunganisha ubongo na kompyuta, wakampandikiza kidude cha kama milimita 4 kwa 4, kina visindano karibu mia, wakakiweka pale sehemu ya ubongo inayoamrisha mkono. Basi yeye anawaza kusogeza mkono wake, uleule uliopooza, seli zinatoa vile viumeme vyake kama kawaida, waya unapeleka kwa kompyuta, kompyuta inabadilisha iwe amri na mkono wa roboti unanyanyua chupa ya kahawa unamsogezea mdomoni, anavuta kwa mrija, halafu chupa inarudishwa mezani. Habari yake ilitoka 2012, video ipo, itafuteni muone lile tabasamu.

Kwa hiyo kinachonaswa pale ni nia ya kusogeza mkono, tena kompyuta lazima ifundishwe kwanza na mtu mwenyewe akubali kujaribu kulia, kushoto, juu, chini. Deni unalomficha mkeo halimo humo 😂

Mimi wasiwasi wangu uko kwingine kabisa. Januari 2024 Noland Arbaugh, naye aliyepooza, aliwekewa chipu ya Neuralink, kampuni ya Elon Musk, ina elektrodi (vidude vya kunasa viumeme vya ubongo) 1,024 kwenye nyuzi 64 nyembamba kuliko unywele, akawa anacheza chesi kwa kuwaza tu. Wiki chache baadaye baadhi ya nyuzi zikachomoka kwenye ubongo, kishale cha kompyuta kikawa hakimtii vizuri, mainjinia wakarekebisha programu ikakaa sawa. Afadhali kampuni ilikuwepo! Kampuni nyingine, Second Sight, walikuwa wanapandikiza vifaa vya kuwasaidia vipofu kuona, 2020 pesa zikakata, watu wakabaki na vyuma machoni na wa kuvitengeneza hayupo.

Sasa mkiandika tena habari hizi, hilo la kusoma mawazo liacheni, tuulizieni kampuni ikifilisika mgonjwa anampigia nani simu.

Msomaji wenu,
Morogoro