Mama mdogo, alto haina mtu

Mama mdogo, shikamoo.

Tangu kaka akutoe Makete akulete hapa Ilomba, mjini Mbeya, kila nikija nakukuta palepale uani, umejitanda shuka, unachambua maharage ambayo mkamwana alishayachambua asubuhi. Nikikuuliza hali unasema nzuri, kisha unatazama upande wa Uyole kana kwamba basi la Isyonje, la kurudi Makete, litapita mlangoni.

Najua kwaya ya kwanza ilivyokutenda. Kijana mmoja alikwambia mbele ya watu kwamba r na l zako zinaharibu wimbo. Ningekuwepo tungegombana. Lakini hii ninayokuandikia ni nyingine kabisa.

Ni bibi kumi na wanne na hakuna aliyezaliwa mjini. Mmoja aliletwa na mume aliyepata kazi Tazara reli ilipofunguliwa mwaka 1976. Mume akafariki, yeye akabaki. Wengine wamekuja kulea wajukuu, wametoka Kyela, Tukuyu, Ludewa. Wakifika kila mtu anasalimia kwa kwao, huyu "kamwene", yule "ugonile". Wimbo ukianza ni Kiswahili, na r na l zinalala banda moja kama kuku. Mungu hajalalamika.

Mwalimu huandika nota ubaoni, lakini nusu yao hawazisomi, wanashika kwa sikio. Nyimbo za sauti nne wamekua nazo tangu makanisa ya kwao, yale yaliyoanzia kwa wamisionari wa Kijerumani waliofika Unyakyusa mwaka 1891. Majina ya wajukuu wanayachanganya, beti hawachanganyi.

Shida ni alto, ile sauti ya pili. Sauti ya kwanza imejaa, maana kila mtu anajiona anaiweza. Besi wameazima babu wawili. Alto amebaki bibi wa Kyela peke yake, anaziba sikio kwa kidole asivutwe na wenzake, na bado anavutwa. Wakifika mstari wa tatu alto imeshapotea. Nikimtazama nakukumbuka wewe shambani, unapalilia viazi huku umeshika sauti ya pili, mama yuko matuta matano mbele na sauti ya kwanza, na hamtazamani. Mimi mtoto nilidhani ndivyo viazi vinavyopaliliwa.

Uliwahi kuniambia mjini mtu anazikwa na spika. Kweli, nimeziona hizo kibodi zinazonguruma hadi maneno hayasikiki. Hawa bibi hawana hata ngoma. Mwezi uliopita mwenzao alifiwa na binti, wakaenda wakakaa naye mkekani, wakaimba taratibu hadi majogoo. Nilipeleka chai nikakuta mfiwa mwenyewe ameshika alto, analia na haachi sauti.

Jumamosi saa tisa nakuja na bajaji. Vaa sweta, ukumbi una baridi. Kitenge cha sare nimeshakununulia. Fundi anaulizia kipimo cha mabega, na mimi nimemwambia ni kama ya mama.