Kaka, zima hiyo balbu usiku

Kaka mambo vipi, huku Kirumba, Mwanza, tupo poa, masika bado inapiga na ziwa limechafuka kweli. Ujumbe wako nimeusoma, eti chatu wako dume na jike wanakaa banda moja mwaka wa pili sasa na hawasogeleani kabisa. Mi nadhani shida ni hiyo balbu unayoiacha inawaka mchana na usiku ukiogopa baridi ya Mbeya.

Unajua nyoka msimu anaujua kwa joto na mwanga, sasa ukimpa nyuzi 30 masaa yote na taa haizimwi ye atajuaje kama muda wa kupandana umefika? Huku kwetu mchana na usiku karibu vinalingana mwaka mzima, tofauti haifiki hata nusu saa, lakini Juni Julai mvua ikishakata usiku unapoa, na chatu wa huko kusini kwenu ndo wanapandana miezi hiyo ya baridi. Kwa hiyo weka hita ya seramiki isiyotoa mwanga, iwe na themostati, kile kifaa cha kuwasha na kuzima hita joto likifika unapotaka, mchana upande wa moto ufike 30 au 31, usiku ushushe mpaka 22, 23 hivi, na giza liwe giza kweli. Shusha taratibu ndani ya wiki kadhaa.

Usije ukaiga Wamarekani na wale nyoka wao wa mahindi, aina ya nyoka wanaofugwa sana huko kwao, wale wanalazwa usingizi wa baridi kwenye nyuzi 10 mpaka 13 miezi miwili mitatu na wanaamka salama, chatu ukimfanyia hivo mapafu yanaumwa. Halafu kabla hujashusha joto acha kulisha kwanza, maana bila joto chakula hakisagiki, kuku anamuozea tumboni.

Jike akishashika mimba mrudishie joto lake lote, tena awe na sehemu ya kuotea. Hapa ndo chatu wananishangazaga, porini Afrika Kusini mama anageuka mweusi, anaota jua mpaka mwili unakaribia nyuzi 40, kisha anarudi shimoni kuyazungushia mayai joto lile, na hali chochote muda wote huo. Kwa hiyo usimlazimishe kula, maji tu yasikosekane.

Tafuta vipimajoto viwili, upande wa moto na wa baridi, unitumie namba za usiku wa kwanza tuzipitie pamoja. Msalimie shemeji.