Risala ya Klabu ya Wasomaji kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mahafali

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu, wakubwa shikamooni na wadogo mambo vipi. Karibu sana shuleni kwetu hapa Tanga, tumeambiwa risala isizidi dakika tano maana pilau limeshaiva na harufu mnaisikia wenyewe, kwa hiyo tutajitahidi ila kuna mahali tutachelewa kidogo, utuvumilie.

Mgeni rasmi, mwaka huu klabu imefanya kazi moja tu, tumetafuta vitabu vyote vya Shaaban Robert vilivyomo maktaba yetu tukaviweka pamoja. Ukisikia hivyo unaona kazi ya nusu saa, sisi imetuchukua muhula mzima, sababu mtu huyu kila rafu yumo. Kusadikika tulikikuta kwenye riwaya, hapo sawa, Pambo la Lugha kwenye mashairi, Wasifu wa Siti binti Saad umewekwa historia, Kielezo cha Insha kimebanwa katikati ya vitabu vya mitihani, na Adili na Nduguze jalada limetoka kabisa, tulikiokota kwenye boksi la hadithi za watoto, nadhani aliyekitupa humo alifungua akaona manyani akafunga. Halafu mwenzetu wa kidato cha pili akauliza, jamani hawa kina Shaaban Robert wako wangapi? Tulicheka sana lakini ukifikiria alikuwa na haki ya kuuliza.

Ni mmoja, na ni wa hapa hapa, kazaliwa Vibambani kule Machui mwaka 1909. Hakuwa profesa wala nini, alikuwa karani wa forodha, Pangani amekaa, baadaye akapelekwa Mpwapwa idara ya wanyama, yaani mchana anaandika hesabu za serikali ya mkoloni na muda wake mwenyewe ndio anaandika haya yote. Alifariki mwaka 1962, ana miaka 53 tu. Katika umri huo kaacha tenzi, mojawapo ni ule mrefu wa vita kuu ya pili, kaacha riwaya, insha, maisha yake mwenyewe, mashairi ya Omar Khayyam kayaleta kwa Kiswahili kupitia Kiingereza, na shairi la kumlilia mkewe Amina ambalo dada mmoja wa klabu alipotusomea alishindwa kumaliza akakaa chini.

Hapa ndipo tunaomba tuchelewe. Kile kitabu cha manyani mgeni rasmi si cha watoto hata kidogo! Adili ni liwali, mtu mpole anayesifiwa na kila mtu, lakini kila usiku anachukua mjeledi anawachapa manyani wawili, na wale manyani kumbe ni ndugu zake wa damu waliomfanyia ubaya wakageuzwa. Tulikisoma kwa sauti Ijumaa moja baada ya vipindi, tulipofika kwenye mjeledi darasa zima kimya, na mjadala wa kama ndugu anayekusaliti anastahili huruma ulitufikisha mpaka mlinzi akaja kufunga mageti. Halafu mkono huo huo ukaandika maisha ya Siti, mtoto wa Fumba aliyekuwa akiuza vyungu Unguja, mpaka sauti yake ikaingia kwenye santuri Bombay mwaka 1928. Karani wa bara anakaa kumwandikia kitabu kizima mwimba taarabu, mwanamke, zama zile! Sisi tumeona hilo ni kubwa kuliko tunavyofundishwa.

Si kwamba vyote tumevipenda, tusidanganyane. Kwenye riwaya yake ya Utubora Mkulima yule kijana ni mwema kupita kiasi, hakosei, hakasiriki, wengi walisinzia, na kuna kurasa mzee Shaaban anahubiri kama yuko mimbarini. Ila hata wanaolalamika wanakubali kwamba ukimjua kwa kitabu kimoja cha mtihani humjui, ni kama kumwona mtu kisigino tu.

Changamoto zetu tunazitaja haraka. Mchwa wameshaonja rafu ya chini, mlango wa kabati hauna kufuli, na nakala ni moja moja kwa hiyo tunasoma kwa zamu na wengine wanakaa nacho wiki tatu, wanajijua.

Maombi yetu ni matatu. Kabati la chuma lenye kufuli. Gari la siku moja tu twende Vibambani tukaone kaburi lake, ni jirani lakini wengi wetu hatujawahi kufika. Na la tatu ni kitabu cha barua zake za mwaka 1931 hadi 1958, alizomwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge, kilitolewa mwaka 2002. Humo hahubiri, humo ni kaka anaongea na mdogo wake, na ndiyo maana wale wale waliosinzia kwa Utubora hiki wanakigombania. Hatuna chetu, tumeazima kwa mzazi mmoja na Jumatatu anakitaka. Kiko hapo mezani mbele yako mgeni rasmi, ukitaka kufungua fungua, ila kurasa za mwisho zinabanduka, shika taratibu.

Ni sisi, wanaklabu.