Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: njiti wasiruhusiwe kwa uzito tu

Mheshimiwa Waziri, shikamoo.

Najua mezani kwako kumejaa ila hii naomba uisome, ni kuhusu njiti kupimwa masikio kabla hawajatoka hospitali. Mi ni mama wa njiti, mwanangu alizaliwa wiki ya 29 na kilo 1.1, tukakaa wodi ya njiti siku 41 kwenye hospitali moja ya rufaa. Na niseme mapema, wale manesi Mungu awabariki, walimpigania mpaka akapumua mwenyewe, sina ugomvi nao.

Kila asubuhi ni mzani. Ikiongezeka gramu 20 wodi nzima tunashangilia, ikipungua siku hiyo mama halali. Kumbe mzani ndo ulikua unaamua kila kitu, alipofika kilo 1.8 tukaambiwa nendeni nyumbani, na hamna aliyeuliza huyu mtoto anasikia au hasikii. Wakati faili lake lilikua linapiga kelele lenyewe: oksijeni, manjano mpaka akawekwa chini ya taa mara mbili, sindano za jentamaisini, ile dawa ya kuua bakteria. Manjano yakizidi yanaharibu mshipa wa fahamu wa sikio na shina la ubongo, jentamaisini nayo inaweza kuua vinyweleo vya ndani ya sikio vinavyopokea sauti. Sisemi wasingemchoma, bila ile dawa labda nisingekua naye leo. Nasema wangempima kabla hatujatoka.

Nyumbani alikua mtulivu mno, bibi yake anamsifia kabisa, yani hata mfuniko wa sufuria uanguke sakafuni yeye kalala tu. Mlango ukibamizwa anashtuka, basi tukajua anasikia, kumbe alikua anahisi kitanda kinavyotikisika jamani.

Akafika miaka 2 hajaita hata mama. Nikampeleka kupimwa, wakamwekea kispika kidogo sikioni, mashine ikaandika kafaulu, nikaambiwa masikio mazima, watoto wa kiume huwa wanachelewa kuongea. Nikarudi na furaha zangu. Miezi 8 mingine ikapotea hivo.

Mheshimiwa hapa ndo pana shida yenyewe. Kile kipimo kinaitwa OAE, kinatuma sauti sikioni halafu kinasikiliza mwangwi ambao sikio zima huurudisha, basi, kama sauti imefika kwenye ubongo au haijafika hakijui. Ni kama fundi akague spika aseme nzima wakati waya wa nyuma umekatika. Na watoto waliopita kwenye hizi wodi ndo hasa wanaokatika waya. Kinachotakiwa ni ABR, mtoto akiwa amelala anabandikwa vistika vyenye nyaya kichwani, anachezeshewa milio ya haraka haraka, mashine inasoma mawimbi kutoka kwenye mshipa mpaka shina la ubongo, hamna kuchomwa wala kukatwa. Wa kwangu alipofanyiwa mwishowe nilikua nakodolea kioo cha mashine, mstari umenyooka kama barabara ya Dodoma, yani hamna wimbi, sauti haifiki.

Marekani miongozo yao tangu 2007 inasema mtoto aliyelazwa uangalizi maalumu zaidi ya siku 5 apimwe kwa ABR, na wanataka mtoto apimwe kabla ya mwezi 1, tatizo lithibitishwe kabla ya miezi 3, aanze kusaidiwa kabla ya miezi 6. Wa kwangu imejulikana na miaka 2 na miezi 8.

Mashine ni hela najua, na wataalamu wa masikio hatuna wengi. Lakini sikuombi nchi nzima kwa siku moja, anzeni na wodi za njiti za hospitali za rufaa, wateja wenyewe si wameshalala palepale? Na mkinunua msije mkanunua zile za mwangwi peke yake kwa kuwa ni rahisi. Muhimbili wanapandikiza vifaa vya kusikia tangu 2017, mafundi tunao, sisi tunawapelekea watoto muda ushaenda. (Macho nayo vilevile, oksijeni ikizidi inaharibu retina ya njiti, ila hiyo nitaandika siku nyingine.)

Kadi ya kliniki ina sehemu ya uzito na ya chanjo, ongezeni mstari mmoja: kusikia, tarehe, majibu. Kwenye ya kwetu niliuandika mwenyewe kwa kalamu nyekundu, pembeni ya ile kilo 1.8.

Mama wa njiti,
Morogoro