Heri ya Uhuru, na kisa cha Mengo

Ndugu, jamaa na majirani, mlio Kampala na mlio mbali, heri ya Sikukuu ya Uhuru wa Uganda. Bendera zimeshafungwa kwenye bodaboda na watoto wamefunga shule kwa siku hii moja, kelele zimeanza alfajiri.

Tarehe 9 Oktoba wengi huikumbuka kwa mwaka 1962. Mimi huikumbuka pia kwa 1963, maana siku hiyo Mutesa II, Kabaka (yaani mfalme) wa Buganda, alishika urais wa nchi, waziri mkuu akiwa Milton Obote. UPC, chama cha Obote, na Kabaka Yekka, chama cha watetezi wa Kabaka, waliungana ili kukishinda chama cha DP, wala si kwa kupendana. Ndoa yao iliharibiwa na ardhi: kwenye kura ya Novemba 1964, Buyaga na Bugangaizi, maeneo yaliyokuwa chini ya Buganda, ziliamua kurudi kwenye ufalme jirani wa Bunyoro, na Mutesa akakataa kutia sahihi. Angefanyaje? Kabaka hamegi Buganda, na Rais hapingi kura. Kwangu mimi chanzo cha ugomvi wa wawili hao ni hicho, kuliko hata tuhuma za magendo ya dhahabu ya Kongo zilizomtikisa Obote bungeni Februari 1966.

Basi mwezi huohuo Obote akawakamata mawaziri watano wakiwa kikaoni, akasimamisha katiba, kisha akamwondoa Rais. Mei 20 Lukiiko, bunge la Buganda, likaitaka serikali kuu iondoke kwenye ardhi ya Buganda. Mei 24 wanajeshi wa Idi Amin wakaivamia Lubiri, kasri la Mengo. Walinzi walipigana, mvua kubwa ikashuka, Kabaka akaruka ukuta na kusimamisha teksi iliyokuwa ikipita. Alifia London mwaka 1969. Katiba ya 1967 ilikwishazifuta falme zote.

Obote aliyaita hayo mapinduzi ya umma. Mie sioni umma ulipoingia hapo. Naona bunduki tu, na Januari 1971 ikamgeukia yeye mwenyewe, Amin alipompindua. (Ndiyo maana wazee wengi wa Kiganda Kiswahili chetu hiki, kilichokuwa lugha ya jeshi, wanakisikia kama sauti ya askari. Tusiwalaumu.)

Mwaka 1993 Buganda ikarudishiwa Kabaka wake, Mutebi II, pasipo madaraka ya siasa. Ankole, ufalme wa huko Mbarara, hadi leo hawajarudishiwa mfalme wao, na wenyewe kwa wenyewe hawakubaliani kama wanamtaka. Wajomba wa Mbarara, hilo tutalibishania mezani leo saa nane. Vinywaji kila mtu aje na vyake.